Bosi wa Kutuma au wa Kutumwa

Mikindani, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ule mguu unaendeleaje, na mvua imefika huko Bamba au bado mnaitazama ikipita? Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulipate lote mpaka mwisho: kesi tumeshinda, na aliyetushindia ni wewe.

Tulia nikueleze. Unajua kiwanda chetu cha magodoro hapa Changamwe kilifungwa bila mishahara yetu kulipwa. Tulipokwenda kortini tukaambiwa kampuni haina kitu, hata mashine zimeshahamishwa. Na Bosi, yule tuliyekuwa tukimwamkia kila asubuhi, akatoa makaratasi kuonyesha kwamba wenye kampuni ni shemeji yake na mpishi wake. Yeye eti ni mshauri tu. Wakili wetu akatueleza kwamba deni la kampuni ni la kampuni, halimfuati mtu nyumbani kwake, isipokuwa ithibitike kwamba aliiendesha mwenyewe na kujificha nyuma yake ili asilipe. Basi kazi ikawa kuthibitisha.

Mwanaisha, rafiki yangu wa Likoni niliyekuwa nikifunga naye magodoro, ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi. Akasema, "Sote twamwita Bosi." Bosi alipopewa nafasi akacheka. "Mheshimiwa, Mombasa hii nani haitwi bosi? Hata muuza kahawa huniita bosi, nami humwita bosi." Watu wakaangua kicheko, nami nikafa moyo, maana ni kweli.

Zamu yangu ilipofika nikakumbuka matanga ya baba. Bosi alipokuja na lori lake na magunia ya mchele alikwambia, "Mimi ndiye bosi wa Kadzo." Mtu mwingine angempa kiti yakaisha. Wewe ukamwuliza, mbele ya wazee na wanakwaya, "Bosi wa kutuma au bosi wa kutumwa?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Naye, kwa kuona amedharauliwa, akatunisha kifua akasema, "Mama, pale haitoki shilingi bila mimi. Kampuni ndiyo mimi."

Nikamweleza hakimu neno kwa neno. Wakili wetu akamgeukia Bosi: alisema au hakusema? Akajifuta uso. "Matangani mtu husema mengi kuwafariji wafiwa," akajibu.

"Na hawa walifarijika vipi kwa kujua nani anashika pesa?" hakimu akamwuliza.

Baadaye akaja mtu wa benki, akasema aliyekuwa akitoa pesa za kampuni ni Bosi huyohuyo. Hukumu ikatoka kwamba deni letu atalilipa mwenyewe, kwa mali yake, na lile lori lake likiwemo. Huenda akakata rufaa, kwa hiyo usianze kupima mabati ya nyumba. Lakini najivuna, mama, sifichi. Mwanaisha anatembea Changamwe nzima akisema, "Wallahi mamake Kadzo ni wakili."

Tulipokuwa tukitoka kortini Bosi alinisimamisha kwenye ngazi. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Mamako alinitega siku ile."

"Hapana, bosi," nikamjibu. "Alitaka kujua, siku nisipolipwa, aje kwa nani."

Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukifanya, mama, na macho yako yamevimba kwa kilio, na mimi huku nimeinamisha uso kwa aibu. Aibu ile naifuta leo.

Nisalimie kaka Karisa na mbuzi wake wakorofi, na shangazi kiongozi wa kwaya. Mwambie ashukuru kwa wimbo, maana alikuwepo matangani akasikia. Na wewe mguu huo upumzishe. Ukiwa na la kufanya, nitume.

Ni mimi bintiyo, wa kutumwa nawe siku zote,

Kadzo