Mume Wangu Karejea, Je, Bado Wanaweza Kumfukuza?

Mshauri wetu, naomba unisikilize kwanza ndipo unihukumu. Mimi ni Sikujua wa Ruaruke, mume wangu Mwalimu Bushiri ni Mngazija, anasomesha Kurani hapa mwaka wa kumi na mbili na ndiye aliyenifundisha kuandika, na vita vya Maji Maji vilipotufikia hakunywa maji ya dawa wala hakushika mkuki, ila kwenye hitima ya mzee Mwinyimvua, aliyekufa kwa viboko vya shamba la pamba, alisema mbele za watu, “Serikali inayopiga wazee isishangae wakikimbilia dawa,” nami kwa kujivunia ujasiri wake nikamsimulia mke wa akida wa serikali tukitwanga mpunga, siku ya tatu askari wakaja wakamfunga, akida akasema mgeni mwenye ulimi mbaya hurudishwa kwao kwa meli, nikalia hata sauti ikakauka, lakini alhamdulillahi bwana mkubwa Mdachi wa boma alimwuliza, “Uligawa maji?” naye akajibu, “Sikugawa. Nilisema tu, na nilichosema ni kweli,” akaachiwa kwa onyo, na sasa namsikia barazani akisomesha nami nacheka peke yangu jikoni. Ila niambie, sheria inawaruhusu kumfukuza mtu kwa maneno tu? Na je, nimwambie kwamba mdomo uliomponza ni wangu?

*

Bibi, majina nimeyabadili yote, hata la mji, basi soma bila hofu.

Mshukuru Mungu, maana mwaka huu wengi waliokamatwa kwa neno moja hawakurudi. Ulichouliza: ndiyo, wanaweza. Mwenyeji hufungwa, mgeni hupandishwa melini, na hawaulizi kama alisema kweli, huuliza kama maneno yake yatawachochea watu. Sisemi ni haki. Miaka kumi na miwili ya kusomesha watoto wenu haijamfanya mwenyeji machoni pao. Kwa hiyo wiki hii aende na jumbe na wazee wawili kwa karani wa boma, aombe barua inayosema alihojiwa na hakuonekana kugawa maji. Muiweke mahali pakavu.

Wewe nawe. Kumsifu mume si kosa, lakini kumsifu kwa mke wa akida, wakati wa vita? Akili ulikuwa umeitwanga pamoja na mpunga? Mwambie leo akishakula, kabla hajayasikia kwa mwingine. Atanuna, mwache anune. Usimkataze kusema kweli, mwombe tu achague wa kumwambia. Mtu aliyekataa kusema uongo ili ajiokoe hawezi kumwacha mke aliyemwambia kweli.