Ukoka wa Lukuju

Lukuju, Ziwa Nyasa
Ijumaa

Kwako mwanangu Hezron,

Salamu nyingi zikufikie hapo Igamba, wewe, mkeo na watoto, na yule ng'ombe mwekundu niliyemwacha anakohoa. Mmeamkaje? Kahawa ya bondeni imeanza kuiva au bado? Kama imeiva msinisubiri, chumeni, na mbivu msizichanganye na mbichi kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linasemasema asubuhi, ikifika saa nne linanyamaza. Chakula nakula, usingizi napata, Mungu anatunza.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Shule sikuiona hata mlango wake, unajua. Hizi herufi nilizipata kwa Ferista alipokuwa darasa la kwanza, akinichorea kwa kijiti kwenye vumbi la uani huku mimi napepeta maharage. Barua hii nimeiandika siku mbili. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza. Unaweka spika nyumba nzima isikie, kisha unadakia. Karatasi hutaidakia. Kaa chini, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Ulinituma nije nimtazame huyu mvuvi anayemposa Ferista, nitazame na kwao, nirudi na jibu, maana barua yao ya posa ina miezi miwili kabatini chini ya sahani za wageni. Lakini jibu ulinipa kabla sijapanda basi. Ulisema, Mama, nenda ukaone, kisha urudi useme hapana. Ulisema mtu wa majini hana shamba, binti yako Ferista akiolewa naye usiku atakesha na nani, na kwamba yule kijana wa Hasamba mwenye mashine ya kumenya kahawa bado anasubiri. Sikukubishia. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Nilifika Jumatano ya wiki iliyopita, jioni. Kutoka Vwawa mpaka Mbeya nilisinzia. Kuteremka kutoka Tukuyu masikio yaliziba, na Kyela joto likanipiga usoni kama mvuke wa chungu. Ferista alinipokea stendi. Amenenepa. Pale zahanati anakofanya kazi wanamwita Sista, naye anaitika kama alizaliwa na jina hilo. Ziwa nililitazama kwa muda, nikamwambia Ferista ni maji mengi mno kwa watu ambao hawamwagilii kitu. Akacheka, akasema ngoja uone. Sikungoja vya kutosha, ndilo kosa langu, lakini nitalifikia.

Kijiji chenyewe ni kidogo. Nyumba za tofali za kuchoma, mitumbwi imelazwa tumbo juu, vichanja virefu vya kuanikia usipa. Usipa ni dagaa wa huku, harufu yake inaingia mpaka kwenye shuka. Kati ya vichanja na maji wametengeneza bustani ya kupumzikia. Mabenchi yake ni mitumbwi iliyozeeka, wameipasua kati wakaiwekea miguu. Maua yamo ndani ya matairi yaliyopakwa chokaa. Wavuvi na kina mama wa usipa ndio walioitengeneza kwa mikono yao, na Jumamosi mgeni kutoka wilayani alikuwa aje kuifungua. Hayo niliyajua baadaye. Jumatano nilipita tu, nimechoka, miguu imevimba.

Jioni ileile tulikula kwa kina kijana. Jina lake Lusubilo. Mrefu, mwembamba, mikono imechanwachanwa na kamba za nyavu. Mama yake, Sekela, ni mjane, na ana sauti ya kumwita ng'ombe aliye bonde la pili. Alinitazama juu mpaka chini, akasema alidhani watu wa Mbozi tumenenepa kwa kahawa. Nikamjibu kahawa tunauza, tunachokula ni ugali, na nikamwuliza kama huku wana mboga yoyote isiyo na macho. Tukaelewana hapohapo. Alipika mbasa, samaki mkubwa kama mkono wangu, na kichwa akanipa mimi. Kijana alininawisha mikono kwa heshima, akaniaga, akaenda ziwani kuvua. Kosa sikumwona nalo. Lakini nilikuwa nalitafuta, kama mtu anayepekua mchele akijua kijiwe kimo.

Sasa Alhamisi. Jua lilipopanda kidogo nikasikia kelele ufukweni, tukaenda na Ferista. Ile bustani yao ilikuwa imepandwa ukoka. Hezron, umesoma sawasawa. Watu hawa walipanda ukoka, gugu lilelile tunalolichimba kwenye kahawa, kwa mistari, wakaumwagilia kwa ndoo miezi mitatu. Na asubuhi hiyo upande mzima, kutoka benchi la kwanza mpaka la nne, haukuwa na hata mzizi. Udongo mtupu, umelainishwa kama kitalu cha miche.

Kina mama wa usipa walisimama mikono kichwani. Mmoja akasema ni mbuzi. Mwenzake akamwuliza mbuzi wa kwao siku hizi wanatembea na majembe? Ndipo nikaelezwa kazi ya ukoka ule. Masika yaliyopita mawimbi yalikula ukingo, nyumba mbili zikaingia ziwani na vyombo vyake. Wakatafuta kitu cha kushika udongo, kisichokufa hata kikikanyagwa. Yaani yale yanayotuudhi sisi kwenye kahawa, kung'ang'ania ardhi na kukataa kuachia, ndiyo waliyoyataka wao. Na aliyekuwa akiutunza, akiteka ndoo baada ya ndoo akitoka kuvua, ni Lusubilo.

Mwenyekiti wa kikundi chao, mzee Ambwene, aliitisha kikao palepale. Akauliza ni nani. Lusubilo, nguo zake bado zimelowa, akasimama akasema ni yeye. Alisema aliona majani yameanza kuwa ya njano, akadhani ni ugonjwa, akaung'oa usienee. Wakamcheka vibaya. Jamaa mmoja akasema mapenzi yamempanda kichwani, anapalilia akidhani amekwisha kufika shambani kwa wakwe. Mzee Ambwene hakucheka. Alisema mgeni wa wilaya ataambiwa asije, na Jumapili baada ya ibada wataamua kama jina la Lusubilo linabaki kwenye kikundi au linafutwa. Mtumbwi ni wa kikundi, nyavu ni za kikundi. Anayefutwa anabaki nchi kavu, anaanika usipa wa wenzake. Sekela alikaa chini kwenye mchanga, ile sauti yote imemwishia.

Hapo, mwanangu, jibu lako likawa limejileta lenyewe. Ningerudi Igamba niseme kijana ni mzembe, kijiji kizima kinajua, irudisheni barua. Mchana nilijilaza kwa Ferista nikawa nayapanga maneno hayo. Ningeyasema vizuri, nawe ungefurahi, na wa Hasamba angeitwa wiki hiyohiyo.

Jioni Lusubilo akaja na samaki wawili kwenye beseni. Kwapani alikuwa na kitambaa changu cha kichwa, kile cha njano, kimefuliwa na kukunjwa. Akanipa mbele ya Ferista, akasema, Bibi, ulikisahau kanisani. Nikakipokea, nikasema ahsante. Hezron, kanisa la Lukuju nilikuwa sijalikanyaga.

Kitambaa kile nilikitundika alfajiri kwenye ncha ya benchi la nne, kisilowe jasho. Ni mimi. Haya, nimeandika.

Niliamka jogoo wa kwanza kama kawaida, mwili wangu haukujua kwamba uko safarini. Nikashuka ufukweni peke yangu. Nikaona maua yamezingirwa na ukoka kila upande, nikasema moyoni, hawa watu ni wavivu namna gani, na aibu hii wameiweka mbele ya kijiji. Mikono ikaniwasha. Nikarudi nikachukua jembe la mwenye nyumba wa Ferista. Na unajua mimi ukoka siuachi shambani, maana kipande kimoja kinafufuka. Niliukung'uta udongo, nikaubeba fungu kwa fungu, nikautupa ziwani. Mawimbi yakauchukua wote. Nilirudi nikanawa miguu, nikarudi kitandani nikiwa na furaha, nikingoja kuja kushukuriwa.

Na kwenye kile kikao nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya vichanja, mdomo huu unaoujua umefungwa. Maisha yangu yote nimemwambia kila mtu kila kitu, hata mchungaji, hata marehemu baba yako siku ya harusi yetu. Siku hiyo nikamwacha mtoto wa mwenzangu achekwe kwa ajili yangu, kisha nikataka kumnyima mke kwa kosa hilohilo. Naandika hivi ili ujue mama yako alifika mpaka wapi.

Nilimtoa Lusubilo nje nikamwuliza kwa nini. Alisema alikuwa ndani ya mtumbwi wanarudi, akaniona nimeinama, akapiga kasia kwa nguvu, lakini walipofika nilikuwa nimekwisha kuondoka. Akasema mgeni aliyekuja kumtazama yeye hawezi kurudi kwao na aibu. Na kama nitamkataa, nimkatae kwa jinsi alivyo, isiwe kwa sababu naona haya kukanyaga tena Lukuju. Nikamwambia ni mjinga. Akasema, ndiyo, Bibi.

Jumapili nilisimama kabla mzee Ambwene hajaketi. Nikasema aliyeng'oa ukoka ni mimi, kijana hajui lolote ila kunificha. Nilisubiri wanifukuze. Aliyeanza ni Sekela. Alicheka mpaka wakamshika, akisema amesikia habari za mkwe mlafi na mkwe mwenye domo, ila mkwe anayelima ufukwe hajawahi kumsikia. Mzee Ambwene akasema kazi ilikuwa safi, tangu azaliwe hajaona ukoka ukitolewa hivyo, na akauliza kama kabla sijaondoka ninaweza kupita kwenye mpunga wake. Jina la Lusubilo limebaki. Mgeni wa wilaya atakuja upande ule utakapoota tena. Ferista hakunisemesha mpaka leo asubuhi, aliponipa chai na kuniuliza kama na majani yake nitayang'oa. Nadhani amenisamehe.

Kwa hiyo itoe ile barua kabatini, uijibu. Sema ndiyo. Wa Hasamba mwambie mashine yake ni nzuri. Sisemi ziwa limeacha kunitisha. Kila mitumbwi inapoondoka natazama kando, na Ferista itambidi ajifunze kutazama. Lakini usiniambie tena kwamba kijana hana shamba. Analo, nililiharibu mimi.

Na jambo la mwisho, najua utalisoma mara mbili. Mtakapokuja, kahawa leteni, maharage leteni. Ila kwanza panda mpaka shamba la juu, ile mistari ya mwisho ambayo hujaipalilia, na usinidanganye, hujaipalilia. Chimba ukoka wote pamoja na udongo wake. Usiukung'ute. Ufunge kwenye magunia, uyamwagie maji, uje nayo juu ya basi. Nakumbuka fimbo nilizokuchapa kwa ajili ya ukoka ulipokuwa mdogo. Safari hii nakuomba usiache hata mzizi mmoja ukauke.

Mimi sirudi kwanza. Kila asubuhi nipo pale ufukweni na Sekela, tumepiga magoti, tunachomeka vipande tulivyovipunguza upande wa pili, kimoja kimoja, kina cha kidole. Mikono yangu inagoma. Inataka kuvuta.

Anayekuletea barua hii ni Gloria, mmoja wa kina mama wa usipa, anapanda na mzigo wake kwenda kuuza Tunduma. Mpe chai kabla hajaendelea. Msalimie mkeo, mwambie dawa ya ng'ombe iko nyuma ya mlango. Wasalimie watoto, na majirani, hata yule ambaye hatusalimiani. Mbaki na Mungu, nami ninabaki naye huku kwenye joto lake.

Mama yako aliyekuzaa,
Fortunata

Nilitaka kuifunga, nikashuka kwanza ufukweni. Vile vipande vya kwanza, vya Jumatatu, nimevivuta kidogo kuvijaribu. Vitatu vimekataa kutoka.