Mlango Usiopitisha Karatasi

Winnipeg, Kanada
4 Agosti 2024

Kwa mama yangu kipenzi, Bi. Mwanamkasi,

Shikamoo mama. Assalaam aleikum. Mimi na mkweo Ashrafu tu wazima, na huyu aliye tumboni anacheza kama ana ngoma yake humo ndani. Wasiwasi wetu ni wewe. Magoti yanasemaje? Na jirani yetu Bi. Nadhira, bado cherehani yake inawakosesha watu raha?

Mama, kwenye simu kila Ijumaa nikikuuliza kama utakuja Januari kunilea arobaini yangu, unaniambia mtandao unakata. Mtandao gani unaokata kwenye swali moja tu? Basi nakuuliza kwa barua, ambayo haikati.

La pili. Nyumba tuliyohamia ina banda la gari lililoshikana nayo, na mlango wake ni bati tupu. Majira ya baridi yaliyopita barafu iliota kwa ndani. Tunataka kuubadilisha kabla baridi haijaanza, na dukani wametuonyesha milango mpaka kichwa kinauma: ya bati moja, ya bati mbili zenye povu gumu katikati, inchi moja, inchi mbili, yenye vioo, isiyo na vioo. Wana namba wanayoiita R, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mlango unavyozuia baridi zaidi. Ashrafu anayasoma makaratasi yake kama mtu mwenye mtihani kesho. Mimi nikasema, mbona nina mama aliyeuza barafu soko la samaki Bagamoyo miaka thelathini? Wewe unazuia joto lisiingie, sisi tunazuia baridi isiingie. Kazi si ile ile? Tuambie tuchukue upi.

Mwanao akupendaye,
Shamsia

Bagamoyo
30 Agosti 2024

Kwako mwanangu Shamsia,

Marahaba, marahaba mia. Waaleikum salaam. Mimi mzima, magoti yanalalamika lakini yananibeba. Nadhira anakusalimu, cherehani ni ile ile na mdomo ni ule ule.

Mwanangu, nimecheka mpaka nikakaa chini. Gari! Gari linanunuliwa mlango wenye godoro! Mimi mama yako nalala kwenye mlango wenye tundu ambalo panya anapita na mizigo yake, na gari la Ashrafu linaogopa mafua. Haya, tumeishi tumeona.

Lakini umeniuliza kazi yangu, nami kazi yangu siionei haya. Sanduku langu la kwanza alilitengeneza marehemu baba yako, mbao mbili, katikati kashindilia maranda. Barafu ya asubuhi, adhuhuri ilikuwa maji. Tukaongeza maranda, wapi! Siku moja nikapitisha mkono kwenye kifuniko nikasikia ubaridi unatoka. Kumbe unene si kitu kama mdomo haufungi. Baba yako akapigilia mpira wa tyubu ya baiskeli mdomo mzima, na barafu ikalala siku mbili.

Basi chukueni wa bati mbili, na povu liwe la kumiminwa likajaa lenyewe, si la vipande vya kupachika. Nimepasua mafriji mabovu mengi nikayafanya masanduku, najua ninachosema, penye mwanya ndipo mwizi anapopita. Vioo vya nini? Nani anachungulia gari? Na mpira wa chini uwe ule usiokakamaa kwa baridi. Ukishafungwa, fanya nilivyokufundisha ukiwa mdogo: weka karatasi, funga, vuta. Ikitoka, fundi hajamaliza kazi. Ikikataa, una mlango.

Ama hilo la kuja, barafu nimwachie nani? Huko kuna manesi na mashine zao. Tutaona, inshallah.

Mimi mama yako

Winnipeg
26 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima, ila miguu yangu imevimba na viatu vya Ashrafu ndivyo vinavyonitosha.

Nimekuficha jambo. Mlango si wa gari. Juu ya banda la gari kuna chumba, na sakafu yake ndiyo dari ya banda. Mwaka jana nilikanyaga pale peku nikaruka kama nimekanyaga moto. Ndicho chumba cha wageni tulicho nacho, hakuna kingine. Ni chako, mama. Ashrafu ameshajaza pamba ya kuzuia baridi kwenye dari ile, kilichobaki ni mlango. Nilinyamaza kwa sababu nakujua, ungesema nitandikieni mkeka sebuleni, msijisumbue.

Tumeagiza ulivyosema: bati mbili, povu la kumiminwa, inchi mbili, hauna kioo hata kimoja. Muuzaji alituuliza nani ametushauri. Nikamwambia mtaalamu wetu yuko Afrika. Akatikisa kichwa.

Halafu, mama. Barua yako ya mwisho mwandiko si wako. Wako unalalia kulia, huu umesimama wima kama askari. Nani anakuandikia, na kwa nini?

Mwanao,
Shamsia

Bagamoyo
25 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi Shamsia,

Marahaba mama. Hali yangu njema, alhamdulillahi, ila barua yako haikunikuta salama. Nilikaa juu ya sanduku la barafu nikalia, wateja wakadhani nimefiwa, mmoja akaanza kunipa pole.

Mwandiko usikutie hofu. Ni macho haya ya uzee, nasema na Nadhira anaandika. Ama kuja, mwanangu, usiningoje. Mzazi anataka mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, amfunge mkaja tumbo lirudi, amwogeshe mtoto. Tafuta mwanamke mwenye nguvu huko huko. Mimi nitakuombea dua kila sala. Chumba kile apewe mgeni mwingine, wala mlango wenu haujapotea bure.

Usinikasirikie.

Mama yako

Shamsia, sasa ni mimi Nadhira. Mama yako ameitwa na mteja, naongeza haraka. Macho yake yanaona sindano iliyoanguka. Ni vidole. Barafu imevikunja, na tangu Ramadhani hashiki kalamu. Wiki iliyopita kikombe cha chai kilimponyoka, akakaa akivitazama vigae, akaniambia, "Nadhira, na kama angekuwa mtoto?" Viza yake imeshatoka, imo sandukuni chini ya kanga. Atanitukana akijua, lakini bora tusi. Namsikia anarudi, naishia hapa.

Winnipeg
22 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sitakuuliza hali yako leo, maana najua utanidanganya. Na Bi. Nadhira usimgombeze. Ukimgombeza, nani atakuandikia?

Mlango umefungwa. Nikaweka karatasi, pembeni ikakataa. Chini, upande wa kushoto, ikatoka bila hata kunikawiza. Fundi akasema mwanya mdogo ule ni kawaida. Nikamwambia kwa mama yangu si kawaida. Tumbo nimelitanguliza mbele, nimesimama mlangoni, sibanduki. Akaenda akarudi na mpira mwingine, na sasa haitoki popote. Jana nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nilipanda chumbani kwako peku, nikasimama kuingoja baridi mpaka nikachoka.

Sasa sikiliza. Vidole hivyo vilikunjwa na barafu iliyonisomesha. Ada zangu zote zilipita humo, na mimi nilikuwa nikija sokoni na sare yangu safi nakuona unapuliza mikono, nadhani ni mazoea tu. Nisamehe, mama. Wallahi naumia.

Mkaja atafunga Ashrafu, wewe utamwamrisha, na kuamrisha hujambo. Mtoto nitakuwekea mapajani umpakate. Mimi sikukuitia mikono yako. Nimekuita wewe, naogopa kuzaa peke yangu huku. Tiketi ni ya tarehe tatu Januari, Ashrafu ameituma kwa simu ya Bi. Nadhira.

Barua hii usiijibu. Ikija barua, nitajua huji.

Shamsia wako

Winnipeg, juu ya banda la gari
18 Aprili 2025

Mwanangu Shamsia,

Hali yako siulizi, nakusikia hapo chini unamvisha Arafa kofia na yeye anakataa. Ashrafu ameshatoa gari nje anapakia masanduku yangu. Mkirudi kutoka uwanja wa ndege mtaikuta barua hii, maana bila kuufungua mlango hamuingizi gari.

Mwandiko umeutambua? Umepinda, lakini umelalia kulia. Nimeanza kuandika tangu juzi, mistari mitatu mitatu. Sijui ni joto la chumba hiki, au ni kukaa miezi mitatu bila kugusa barafu, au ni huyu mtoto.

Nilikuja na hofu, mwanangu, sasa nakwambia. Wiki ya kwanza Ashrafu alikufunga mkaja kama anafunga mbuzi wa Idi, nami nimekaa namfokea, moyoni nalia kwamba mwanangu anafungwa na mwanamume na mimi nipo. Siku ya ishirini na tatu nikaufunga mwenyewe. Ukageuza uso dirishani. Nilikuona. Siku ya thelathini nikamwogesha Arafa peke yangu, na hakuniponyoka.

Barafu basi. Nadhira tangu Januari anaiuza kwa koleo na glavu, nami nikifika nitakaa kwenye kiti nipokee salamu za watu.

Karatasi hii niliijaribu jana ikiwa tupu. Niliibana chini, upande wa kushoto, ule uliomkimbiza fundi wa watu, nikaivuta kwa mikono yote miwili. Ilikataa. Leo naibana tena ikiwa na maneno.

Usiitupe. Kila mwaka kabla ya baridi iweke pale pale, uivute. Mwaka itakapotoka, niandikie, nije niuone huo mpira mwenyewe.

Mama yako, bibi yake Arafa,
kwa mkono wangu