Bwana Yangu Alizuia Camion ya Chorale

Mama Albertine, mushauri wetu wa radio, jambo sana. Mimi ni Kyakimwa wa Naviundu, hapa Lubumbashi, nakuomba unisaidie juu kuna swali moja inanisumbua na sioni muntu wa kumuuliza. Bwana yangu Kambale ni mécanicien wa macamion, mimi ni muimbaji mu chorale ya kanisa, na mwezi uliopita balitualika Lukafu kuimba misa ya kwanza ya padri mupya, chorale yote tukashona maliputa ya namna moja, na papa Constantin, président wetu, akamuomba Kambale atengeneze camion ya kutubeba, na yeye akaitika, akasema siku ya posho asubui, kesho yake ni Siku ya Mungu ya misa, itakuwa tayari.

Ile posho tulifika ku garage na mangoma, tunaimba, na Kambale akatoka chini ya camion, mikono mafuta tupu, akasema: «Haiende. Frein ya kuisimamisha haijakamata.»

Papa Constantin akacheka: «Chauffeur, mwenye kuiendesha, ameijaribu, inasimama muzuri. Tunaenda kumutumikia Mungu, Kambale! Unazani atatuacha mu njia?»

Bwana yangu akajibu: «Mungu hatawaacha. Mimi njo nitakuwa nimewaacha.» Akatia ufunguo mu mufuko.

Mama, haya ilinikamata, nikamwambia mbele ya bantu bote: «Weye unakosa imani.» Akarudi chini ya camion. Tulitafuta camion ingine, hakuna. Siku ya Mungu bantu banaimba mu kanisa, na marteau yake inagonga chuma, inasikika mupaka kule, na Lukafu chorale ingine ikaimba misa yetu. Muchana akatoa ufunguo, tukaenda hata vile kumusalimia padri, milima tukashuka, camion ikasimama kila pahali chauffeur alitaka, na hakuna kitu ilitokea. Njo inanisumbua, Mama: hakuna kitu ilitokea! Sasa nitajua namna gani, alituokoa ao alituchelewesha bure? Na pale chini, Siku ya Mungu, alikuwa anaomba ao anafanya zambi? Papa Constantin anataka Kambale aombe pardon mbele ya chorale, bila ile nitoke mu chorale. Nikimwambia Kambale, anajibu tu: «Mulirudia nyumbani bote, hapana?» Nimusukume aombe pardon?

*

Mama Kyakimwa, pole. Na asante, juu swali kama hii bantu habaniulizaka.

Unataka kujua nani aliwalinda, Mungu ao mécanicien. Kwa nini unabatenganisha? Muliomba Mungu awalinde mu njia. Ulikuwa unangojea atume nini, malaika mwenye kujua frein? Muntu wake alikuwa tayari chini ya camion, na weye ukamutukana mbele ya bantu bote.

Kazi yenye kufanywa muzuri iko vile, haionekane. Ingefanywa mubaya, Lubumbashi yote ingejua. Kwa hiyo preuve ya kwamba aliwaokoa hautaipata. Kaa na swali yako, si mubaya. Lakini mama, umeandikia radio, na haujamuuliza bwana yako aliona nini mu ile frein! Kesho mubebee chakula ku garage. Umwambie akuonyeshe. Usikilize mupaka mwisho, hata kama hauelewe yote.

Ile Siku ya Mungu alichunga maisha ya bantu. Sioni zambi hapo. Lakini isikuwe desturi: Siku ya Mungu yenye kuya anawe mikono, aende misa pamoja na weye. Kazi haikamate pahali pa misa, na misa haimutengenezee frein.

Pardon? Anayo moja tu ya kuomba. Aliahidi siku ya posho, na alikuwa hajafungua ile frein kuiangalia. Akubali hiyo, asiongeze ingine. Ile neno ya «unakosa imani» ni yako. Uliitoa mbele ya chorale, uirudishe mbele ya chorale, kwa sauti ile ile. Bakikutoa mu chorale, ni bao bamekutoa, si Kambale.

Na kama papa Constantin anatafuta tu muntu wa kupiga magoti, mwambie garage iko wazi. Akuye apige magoti pale pembeni ya camion, amushikie Kambale torche.