Nilisema ni Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Prosesa mpya ya kompyuta ya mume wangu imefika. Mashine haitaitambua mpaka BIOS, ile programu inayoiamsha, isasishwe. Alitaka kuipeleka kwa fundi — nikamcheka! Mwalimu wa kompyuta nimo humu ndani, fundi wa nini? Kasafiri kikazi, anarudi Ijumaa. Wiki ijayo lazima awasilishe michoro ya zahanati, na yote anachorea mashine hii. "Haya, Mwalimu, nakuachia," kasema.

Jumanne, 4 Machi
Nimeiua.
Niandike hapa, maana siwezi kumwambia mtu. Jina la ubao mama wa mashine lina K mwishoni. Faili ya BIOS niliyopakua haina K, ni ya ubao mwingine. Mashine yenyewe ilikataa! Nikaona inanibabaisha, nikatafuta programu ya kulazimisha. Ikafika asilimia mia, ikajizima, ikawaka — feni inazunguka, skrini nyeusi tii. BIOS ya zamani sikuitunzia nakala. Na juzi tu niliwaandikia kidato cha tatu ubaoni: soma jina mara mbili, tunza nakala, usilazimishe. Nikapiga na mstari kwa chaki nyekundu.
Saa nane mume wangu akapiga simu. Vipi mashine? Nikababaika. "Imekufa. Ni wifi tu," nikasema. Nilimaanisha mtandao, kwamba ndio ulioharibu kazi! Uongo, ndiyo, ila uongo usiomgusa mtu. Yeye akashusha pumzi: "Dada kachomoa waya tena?"
Dada yake — wifi yangu — anakaa nasi tangu ndoa yake ivunjike. Mwezi jana alichomoa waya wa friji apate kupiga pasi, nyama yote ikaoza; na umeme ukikatika BIOS ikiandikwa, mashine hufa kweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, mtandao. Nikasema nilikuwa jikoni, sikuona.

Jumatano, 5 Machi
Wifi kafua sare za watoto bila kuombwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mume wangu kampigia simu dada yake. Wifi kaja chumbani macho mekundu, kakaa ukingoni mwa kitanda. Anasema kweli Jumanne alipiga pasi, na hakumbuki alichomoa waya upi. "Nisamehe, wifi yangu. Mkono wangu huu una mkosi."
Na mimi — mimi huyu! — nikamwambia, "Yameisha, wifi."
Nimemsamehe kosa langu. Akanishukuru, akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepeleka mashine kwa fundi, yule wanayemwita Miwani. Ataichomoa chipu yenye BIOS aiandike upya. Akauliza, umeme ulikatika? Nikasema ndiyo. Akaniangalia juu ya miwani.
Mume wangu karudi. Na dada yake wamesalimiana tu. Wifi anafunga mizigo: kesho kutwa anahamia kwa shangazi yao, asije akatuharibia na kingine. Nimemsaidia kukunja shuka. Aibu gani hii, Mungu wangu, mtu unaikunja na shuka!

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi. Miwani kaileta mwenyewe na inawaka! Nimejidai natafuta chaja, nimejifungia chumbani na daftari hili. Nawasikia sebuleni. Mume wangu anaeleza habari ya dada na waya. Miwani anasema hapana, bosi, waya hauwezi kubadilisha faili. Hapa iliwekwa faili ya ubao mwingine, tena kwa kulazimishwa. Aliyefanya anajua kompyuta, ila hakusoma jina.
Mume wangu anaita. "Mwalimu!" Anaita tena, na safari hii hana mzaha.
Sasa ni wifi anayesema. Sauti ndogo. Anasema wasinisumbue, Mwalimu kachoka na kazi. Huenda ni yeye aliyebonyeza mahali wakati anafuta vumbi, basi yaishe.
Hajui hata kuiwasha!
Nakwenda. Nitaanza na ile herufi K — hapana, nitaanza na wifi —