Pakiti ya Kijani Niliyoila

Mama Mshauri, salamu nyingi, nisikilize kabla aibu haijanimaliza.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nimepika sosi ya soya hapa Tainan miaka ishirini na saba bila kujua soya hugeukaje kuwa sosi, ndipo mwaka jana nikaingia chuo kikuu kusoma shahada ya kwanza ya biokemia, nakaa darasani na watoto wanaoniita Mjomba, na kwa kweli nina raha, hata nikifeli nafeli nikicheka, ila Alhamisi njaa ilinishika maabarani, na juu ya ile mashine ya kuzungusha mirija kulikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile tunayoziwekea mashine zote kama hirizi ili zitulie, na kila mtu anajua hailiwi, nami nikaila, nikalamba na vidole, kisha nikatia mirija yangu mitano kwenye matundu sita, nikabonyeza, mashine ikatetemeka, ikalia kama mbuzi, ikafa, nikatoka kimyakimya.

Kesho yake msimamizi wetu Pei-shan, ninayemwita dada ingawa ni rika la binti yangu, akamgeukia Wen-hsin, binti wa miaka ishirini mwenye zamu ya pakiti.

"We Wen-hsin, pakiti iko wapi?"

"Niliiweka, dada, haki ya nani!"

"Basi imejila yenyewe?"

Wote wakacheka, nami nikacheka kuwashinda, na sasa Wen-hsin amefukuzwa maabara muhula mzima, eti mashine ilikufa kwa kukosa pakiti, yeye aliyenifundisha vimeng'enya kwa subira ya bibi mkunga. Niseme, au nimpikie tu tambi za nyama?

Mjomba Mlafi

*

Mjomba,

Pole kwa njaa. Sasa aibu! Ndevu zote hizo, unajificha nyuma ya binti wa miaka ishirini?

Biokemia naijua kama kuku ajuavyo kuogelea, lakini nina mashine ya kufua. Blanketi likilemea upande mmoja, inatembea hadi sebuleni. Matundu sita, mirija mitano: lile tundu tupu ulitaka lisawazishwe na nani? Ungetia mrija wa maji tu! Vitafunio havina kosa, ingawa nami sithubutu kugusa pakiti iliyo juu ya kompyuta yangu.

Tambi kula mwenyewe. Wen-hsin hana njaa, amechafuliwa jina. Kesho asubuhi, mbele ya Pei-shan na wote waliokuwepo, simama useme, "Niliila mimi, na mashine nimeiua mimi." Usiongeze "lakini." Kisha usiketi mpaka umsikie Pei-shan akimpigia simu binti huyo arudi.