Bunduki Inayojipakia Yenyewe

Jumamosi, 7 Septemba

Siamini masikio yangu. Verl anataka bunduki inayojipakia yenyewe! Verl huyu huyu, mume wangu, aliyekuwa akiziita bunduki za watu wasiojua kulenga. Leo kaitaja mezani, viazi bado viko mdomoni, kama mtu anayeomba chumvi.

Ni bega. Tangu apasuliwe hawezi kuhimili teke la ile magnamu, bunduki ya risasi nzito ya marehemu baba yake. Na bila mlima na kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, basi hakuna Verl. Msimu uliopita alikaa dirishani akitazama wenzake wakipanda. Sitaki kuuona tena uso ule.

Jumapili, 8 Septemba

Dewey, mdogo wake, kaja kula. Alipoambiwa aliangusha uma. "Kaka, si ununue cherehani kabisa?" Wakabishana hadi pai ikapoa. Verl: gesi ya risasi ndiyo inayosukuma komeo la kupakia, kwa hiyo teke linapungua, na nguvu ni ile ile ya magnamu. Dewey: nzito, ina vipande vingi, barafu ikiingia imekwama. Na risasi ya pili ya haraka ni ya nini? Ukoo huu mtu hupiga moja!

Baba yao ndivyo alivyowalea: ukishapiga, komeo usilivute kupakia nyingine. Ganda tupu likae ndani, bunduki imekufa, nenda kamfuate mnyama wako. Anayevuta komeo amekiri kwamba amekosa. Hata mimi nilipoolewa nilifundishwa hivyo. Mwaka niliovuta, walinicheka hadi Krismasi.

Nilisema tu kwamba bega si la Dewey.

Jumamosi, 21 Septemba

Tulikwenda kwenye shimo la kokoto kuijaribu bunduki mpya aliyoinunua Verl. Nilianza mimi. Nilifumba macho nikingoja teke — likaja kama msukumo wa mtu mwenye adabu. Magnamu hiyo! Nilicheka peke yangu. Verl akapiga risasi zote zilizokuwa ndani, akageuka macho yana maji. "Haiumi, LaRue. Haiumi!" Dewey naye akajaribu, akakosa shabaha, akalaumu upepo. Upepo upi!

Nimekata shauri: ibaki. Nzito ndiyo, lakini imenirudishia mume.

Jumanne, 15 Oktoba

Mungu wangu.

Siku ya kwanza ya msimu. Theluji ya kifundoni. Elki dume akatoka msituni ng'ambo ya kijito, pembe kama matawi. Verl akapiga moja, elki akaanguka palepale. Moja! Dewey alimkumbatia kaka yake hadi kofia zikadondoka. Tukarudi kwenye pikapu kuchukua visu na kamba. Verl akafungua mlango, akailaza bunduki kitini, bado anacheka — ikalia.

Ikalia! Ndani ya gari! Dewey alikuwa upande wa pili, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Mlango wa upande wake una tundu mahali ambapo kifua chake kingekuwa kama angesimama. Glovu ya Verl ndiyo iliyonasa kwenye kifyatulio. Sefti, kile kizuizi cha kifyatulio, hakuiweka. Ya nini, bunduki ikiwa imeshapigwa?

Verl akakaa chini kwenye theluji. "Nilipiga moja," anasema. "Moja tu. Ilikuwa imekufa." Na Dewey, uso mweupe kama unga, anamjibu kwa upole, "Ndiyo, kaka. Moja tu." Nami nikaitikia kwa kichwa. Sote watatu!

Tulimchuna elki bila neno. Kurudi niliendesha mimi. Dewey alikaa katikati, bunduki baina ya magoti, mtutu kando ya shavu lake. Nilipokuwa naosha damu mikononi ndipo ikaniingia: hii haingoji mkono wa mtu. Ikitema ganda, imeshameza risasi nyingine. Na sifa hiyo hiyo ndiyo tuliyoibishania mezani!

Jumatano, 16 Oktoba

Dewey kaja asubuhi na kipande cha bati cha kuziba mlango. Nilidhani hatakanyaga tena kwetu. Kamwambia Verl, "Ukitaka gari lipate hewa, dirisha lipo." Wakacheka hadi Verl akalia. Kamshika bega, lile zima. Anasema Verl asiiuze bunduki. Kosa ni la mazoea, si la bunduki. Sefti tu, basi. Verl akanitazama. Nikakubali. Nilimwaga kahawa, lakini nilikubali.

Walipotoka nikaona niifute bunduki kabla haijashika kutu. Ilikuwa kwenye kona ya jikoni tangu jana, pale Dewey alipoiegemeza. Nikavuta komeo.

Risasi ikaruka. Nzima. Ikagonga sahani, ikabingirika hadi kwenye siagi.

Nzima! Baada ya ule mlio wa garini ilimeza nyingine tena, na sisi watatu, baada ya yote yale, hakuna aliyevuta komeo. Dewey alikuja nayo njia nzima, shavu kwa mtutu. Nimeipita asubuhi hii nikikaanga mayai. Na nilipoachia komeo kwa mshtuko, lilirudi lenyewe — klak. Huenda imemeza nyingine; sijalivuta tena. Naogopa.

Nimekaa mezani. Risasi iko kiganjani, nzito. Nje wanagonga bati, na Verl anaimba. Tangu bega lile lianze kumsumbua sijamsikia akiimba. Nikiwaonyesha hii, mlima basi. Nisipowaonyesha —

Dewey huyo dirishani. "Shemeji! Tuletee hiyo bunduki, tupige picha na tundu!"